Neno la Joburg

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimekamua ng'ombe saa kumi na moja. Nimefika kanisani saa tatu. Nimetafsiri hotuba tatu, koo limekauka. Wamisionari wapya wawili, vijana wa Kimarekani, wanaongea kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Nimewakimbiza kwa Kiswahili hadi amina. Dada mmoja kaniambia bila mimi tawi letu la kanisa lingekuwa kiziwi. Nikavimba kichwa. Napenda sifa, najijua.

Kisha Rais Otieno akatangaza: Jumamosi tarehe 23 tunaenda hekaluni Nairobi. Gari litaondoka Litein Ijumaa asubuhi. Kina mama wakapiga vigelegele mle mle kanisani. Otieno ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu wa Siaya, na ndiye rais wa tawi letu. Hakuwakemea. Alikuwa anafuta macho.

Watu wa hapa wanatuita Wamormoni. Wengine wanadhani tunaficha kitu. Miaka yote hekalu letu la karibu lilikuwa Johannesburg, mbali kuliko wengi wetu tulivyoweza kufika. Sasa limefunguliwa la Nairobi, safari ya nusu siku. Nilipaswa kufurahi.

Rael, mke wangu, alipiga vigelegele kuliko wote. Miaka kumi na miwili hajaingia hekaluni. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jioni binti yetu Chebet akapiga simu kutoka Eldoret. Ni muuguzi huko. Tumeongea nusu saa, mimi na yeye. Chebet hakuulizia habari za mama yake. Huwa hamwulizii.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumanne, 5 Agosti

Tumechuma chai tangu asubuhi, Rael mstari wa juu, mimi wa chini. Shule zimefungwa, naye Rael mwalimu wa shule amekuwa mchumaji. Anaimba. Ameniuliza kama mavazi yake meupe ya hekaluni bado yatamtosha. Nimesema yatamtosha. Saa nane mvua ikatufukuza.

Niandike nikiwa bado na ujasiri.

Tuliunganishwa kama mume na mke katika hekalu la Johannesburg, Desemba 2013. Ibada ilikuwa kwa Kiingereza. Rael ni mwalimu, Kiingereza anakijua, lakini kile ni cha kizamani, na siku ile alikuwa analia kwa furaha, maneno mengi yakampita. Jioni kwenye nyumba ya wageni aliniuliza: sisi wanawake tumeahidi nini pale? Kuna neno moja hakulipata. Nikamwambia: mmeahidi kuwatii waume zenu. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza tena, kwa sababu ya mle ndani hatuyaongei nje. Tulifundishwa hivyo na tunaheshimu. Hata humu siandiki maneno yenyewe, ni maana tu.

Tangu siku ile nikawa na fimbo. Fimbo ya neno moja: Joburg. Rael akitaka jambo nisilolitaka, nasema, "Kumbuka Joburg." Basi, ananyamaza. Alitaka tuuze fahali, nikasema Joburg. Alitaka kukaa kwao Bomet wiki nzima mama yake akiugua, nikasema Joburg. Alikaa siku mbili, akarudi kunipikia.

Mwaka 2019 nilienda tena Johannesburg bila yeye, kuwasaidia wazee wawili wa tawi wasiojua Kiingereza. Nikaingia. Nikalingoja lile neno. Halikuja. Siku hizi mwanamke anaahidi mbele za Mungu moja kwa moja, sawa na mwanamume. Mume hayuko katikati. Nilimwuliza mhudumu mmoja mzee kama nimesikia vizuri. Akasema ndiyo, wamebadilisha mwaka huu, na si mara ya kwanza ibada kubadilishwa. Alisema akitabasamu, kama mtu aliyepata mvua baada ya kiangazi.

Nikarudi nyumbani. Rael akauliza kulikuwaje. Nikasema kama kawaida.

Miaka sita. Nimesema Joburg mara ngapi tangu hapo, sijui. Kabla ya 2019 nilikuwa mtu mgumu. Baada ya 2019 nimekuwa mwongo. Na tarehe 23 ataingia kwa miguu yake, asikie kwa masikio yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikula mchana. Nimemwambia Rael ni tumbo. Amenipikia uji wa wimbi. Nimeunywa wote, naye akafurahi. Aibu tupu.

Jumapili, 10 Agosti

Darasa la maandalizi ya hekalu. Mwalimu ni mimi, nani mwingine. Wanafunzi sita, na Rael aliyekuja kujikumbusha.

Mercy akanyoosha mkono. Anasoma chuo kule Kabianga, anaolewa Desemba, na hii itakuwa mara yake ya kwanza hekaluni. Akasema: "Brother Koske, nimesoma kwa simu ati ile ahadi ya wanawake ilibadilishwa. Ni ukweli? Juu mimi nataka kujua naenda kuahidi nini."

Swali la haki kabisa. Mtu asiahidi gizani. Mzee mmoja akadakia kabla yangu: Mungu habadiliki, mambo ya simu ni ya shetani. Mercy akamjibu kwa heshima kwamba hajauliza habari za Mungu. Watu wakacheka kidogo, kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kutafsiri, kwamba hayo ni matakatifu na hatuyajadili hapa. Mercy akashusha mkono.

Ningeweza kumjibu. Viongozi wenyewe wamesema wazi kwamba ibada hurekebishwa. Hakuna utakatifu ningevunja kwa kusema, ndiyo mwanangu, zimebadilika, na kwa upande wenu zimekuwa nzuri zaidi. Angeenda Nairobi na moyo mwepesi. Lakini Rael alikuwa amekaa kiti cha pili. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya Mungu.

Rael hakumtazama Mercy. Alinitazama mimi. Njiani hakuuliza chochote, alizungumza habari za mbuzi wa jirani. Heri angeuliza.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeenda Kabianga kutafuta miche ya chai. Nimepita mbele ya lango la chuo kikuu. Nilifanya kama naangalia kitu upande wa pili wa barabara. Mtu mzima, naficha uso mbele ya lango.

Januari 2014, mwezi mmoja tu baada ya Johannesburg, Rael alipata nafasi hapo. Shahada ya ualimu, kwa masomo ya likizo. Alikuwa ameomba bila kuniambia, ili anishtue kwa furaha. Alinipa barua nikiwa mezani. Mimi niliona mke mwenye shahada na mume wa kidato cha nne. Sikusema hivyo. Nilisema Joburg. Ndiyo mara ya kwanza kulitumia. Akairudisha barua kwenye bahasha, akauliza kama naongeza mboga.

Mpaka leo ana cheti kile kile. Vijana aliowaonyesha namna ya kushika chaki ndio wakuu wake.

Na Chebet. Alikuwa kidato cha pili, alikuwa ameiona barua kabla yangu, alishaanza kumwita mama yake profesa. Alimwuliza kwa nini haendi. Rael angeweza kusema baba yako amekataa. Lakini angeulizwa amekataaje, na hapo angefika kwenye mambo ya mle ndani. Akasema, "Nimeamua tu." Chebet akamwambia mbele yangu: "Basi mimi siwezi kuwa mwanamke kama wewe." Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilimaliza chai yangu.

Tangu siku ile anamwona mama yake mwoga. Kanisa ameacha. Mimi ananiona baba aliyemsukuma asome, na ni kweli nilimsukuma, ilikuwa rahisi, hakuwa mke wangu. Kila Jumapili ananipigia mimi. Mama yake anapata salamu za Krismasi. Nami nimepokea simu hizo miaka yote, najisikia mzazi bora. Hili linaniuma kuliko yote. Heshima ya mama yake nimeila mimi.

Miche sikuipata.

Jumatano, 13 Agosti

Mahojiano ya kibali cha kuingia hekaluni. Ofisi ndogo nyuma ya ukumbi, mimi na Rais Otieno, magoti karibu yagusane. Kati ya maswali kuna moja la uaminifu, kama mtu anajitahidi kuwa mkweli katika mambo yake yote. Nikasema ndiyo. Ilitoka haraka, laini, kama natafsiri ndiyo ya mtu mwingine.

Akatia sahihi. Kisha akazungumza habari za swali la Mercy, alikuwa amelisikia. Akaniambia kwamba yeye alipojua watu weusi walizuiwa hekaluni hadi 1978, alikaa nyumbani miezi miwili bila kuja kanisani, akarudi mwenyewe. "Mungu habadiliki, Koske," akasema. "Ni sisi tunachelewa kuelewa. Huyo msichana umwambie ukweli, asiende kuupata kwa simu."

Nakumbuka nami nilipojua habari za 1978. Nilikasirika wiki kadhaa. Lakini kosa lile lilifanywa na watu wa mbali, kabla sijajua kusoma. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Hili langu sina wa kumkasirikia.

Nilitaka kumwaga mtama pale pale. Nikasimama, nikamshika mkono, nikatoka na kibali mfukoni.

Jumamosi, 16 Agosti

Rael amepata kibali chake. Amepiga pasi mavazi meupe, ameyatundika kwenye mlango wa chumba. Nimepita hapo mara nane leo.

Jumapili, 17 Agosti

Chebet amepiga. Sikupokea. Ametuma ujumbe: Baba uko sawa? Nimejibu niko sawa, mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefanya ubaya leo.

Ng'ombe mwekundu amekaribia kuzaa. Kiwele kimejaa, ni siku yoyote sasa. Jirani yetu alishakubali kumwangalia tukiwa Nairobi, na anajua ng'ombe kuliko mimi. Lakini asubuhi nikamwambia Rael mmoja wetu abaki. Akasema jirani yupo. Nikasema simwamini. Akaniuliza tangu lini. Akasema kwa upole kwamba amengoja miaka kumi na miwili, kama ni lazima mtu abaki, nibaki mimi.

Nikasema Joburg.

Lilitoka lenyewe. Mdomo uliijua njia. Nilitumia ahadi ambayo haipo ili asiende mahali ambapo angejua haipo.

Kisha akasema, "Sawa, Baba Chebet." Akayatoa mavazi mlangoni, akayakunja, akayarudisha ndani ya begi, akalipandisha juu ya kabati. Kisha akaenda kukata nyasi za nepia za ng'ombe.

Sijawahi kumpiga mke wangu. Nimekuwa nikijisifia hilo mbele za watu.

Jumatano, 20 Agosti

Mercy alikuja asubuhi. Alikuwa anataka Rael awe naye mle ndani, kwa vile msichana anayeingia mara ya kwanza huwa na mwanamke wa kumsindikiza. Nilimsikia kutoka zizini. Rael akamwambia haendi, ana ng'ombe wa kuzaa. Mercy akauliza tena kama amesikia vizuri. Rael akarudia, ng'ombe, na sauti yake haikuwa na malalamiko hata kidogo.

Hivi ndivyo alivyomjibu Chebet mwaka ule. Sauti ile ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho namwambia. Nimeapa.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia. Shambani, saa nne, vikapu vikiwa nusu.

Nilikuwa nimepanga maneno kama hotuba. Nikaanza na 2019. Nikasema kanisa lilibadilisha ahadi ya wanawake, nikajua, nikanyamaza, nikaendelea kumwambia Joburg. Nikasema juzi nimesema tena nikijua kabisa. Aliendelea kuchuma. Mikono yake haikusimama. Majani mawili na chipukizi, kikapuni. Majani mawili na chipukizi, kikapuni.

Nilipomaliza aliuliza swali moja. "Na kabla wabadilishe, hiyo neno ilikuwa kutii?"

Nilikuwa na pa kutokea. Ningesema ndiyo, ilikuwa kutii. Lawama ningegawana na kanisa, mimi nichukue miaka sita tu, ile mingine iende kwao. Ningekuwa mume aliyefuata alichoambiwa. Hakuna mtu Litein nzima ambaye angenikosoa.

Nikasema hapana.

Na humu pia nimedanganya. Nimefungua nyuma tarehe 5 nikasoma. Niandike sawasawa sasa. Neno lile la zamani halikuwa kutii. Lilikuwa kusikiliza, kutegea sikio ushauri wa mume. Na lilikuwa na nusu ya pili: kama vile mume naye anavyomsikiliza Mungu. Nililielewa siku ile ile. Mimi ndiye mkalimani, neno lile nimelitafsiri mimbarani mara nyingi na hata siku moja sijasema kutii. Jioni ile nilichagua kutii kwa sababu nililipenda. Nusu ya pili nikaimeza. Kanisa lilibadilisha maneno yake mwaka 2019. Ya Rael niliyabadilisha mimi mapema zaidi, nimekaa kitandani, navua soksi.

Nimemwambia hivyo hivyo, na soksi pia.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Akashusha kikapu. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Akauliza, "Chebet anajua?"

Nikasema hajui.

"Utamwambia. Wewe mwenyewe, si mimi. Na usimwambie ni kanisa."

Akaondoka, kikapu akakiacha kwenye mstari. Nilipofika nyumbani begi lilikuwa limeshuka kutoka juu ya kabati.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemsindikiza hadi Litein, mimi nyuma na begi. Hakuongea nami. Hakunikasirikia mbele za watu pia, alinitambua kama mtu anayebeba begi. Mercy alimkumbatia, akamvuta ndani ya gari waketi pamoja.

Nimemrudishia Rais Otieno kibali changu. Nimemwambia kuna swali nilijibu vibaya. Alinitazama, akatazama dirisha la gari, akamwona Rael. Sidhani nilihitaji kumwambia zaidi. Akakitia kibali mfuko wa shati, akasema tutaongea akirudi. Kisha akasema, "Nenda uangalie ng'ombe, ndugu yangu." Kuniita ndugu kulinichoma kuliko angeniita kitu kingine.

Gari liliondoka saa tatu. Walianza kuimba kabla hawajafika kona.

Jumamosi, 23 Agosti

Ng'ombe amezaa saa tano asubuhi. Jike. Kondo la nyuma limetoka vizuri. Jirani alikuja kusaidia, nami nikamwomba msamaha. Hakujua kwa nini.

Saa tano walikuwa ndani. Nilikaa kwenye ndoo zizini nikiwaza kwamba sasa hivi anasikia. Sehemu ile ambayo zamani nilisimama katikati, sasa anasikia hapana mtu. Sijui kama alilia. Naona haya hata kutaka kujua.

Kama kuna toba, basi ianzie hapa. Lakini sijisikii nimetubu. Najisikia nimeshikwa.

Jumapili, 24 Agosti

Rael alirudi jana jioni. Alisalimia, akaenda kwanza kumwona ndama, akamsugua kwa nyasi kavu. La Nairobi hakuniambia, nami sikuuliza. Amelala chumba cha Chebet.

Kanisani sikutafsiri. Nilimwomba Otieno nipumzike, akakubali bila maneno mengi. Mercy alisimama badala yangu. Alikwama mara mbili, akamgeukia mmisionari, akamwomba arudie. Watu walingoja. Mimi sijawahi kumwomba mtu arudie.

Chebet alipiga saa kumi na mbili. Nilikuwa sebuleni, Rael jikoni, mlango wazi. Nilimwambia. Nilimwambia mama yake hakuamua. Niliamua mimi, nikamfunga mdomo kwa neno nililolitunga, na yeye akaona heri binti yake amdharau kuliko avunje alichodhani ni ahadi yake kwa Mungu. Nikamwambia kuhusu barua na kikombe cha chai. Kanisa sikulitaja. Sauti yangu ilikwama nikaanza upya.

Nilisikia watu wa wodini wakiitana kwa mbali. Nikadhani amekata, nikaita jina lake. Akasema, "Nimesikia, Baba." Ndipo akakata.

Muda mfupi baadaye simu ya Rael ikalia. Alitazama ni nani. Alifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, simu ikiendelea kulia, nikaogopa itanyamaza. Akaipokea. Akatoka nayo uani na kuvuta mlango nyuma yake.

Maziwa yalikuwa motoni. Nikayaepua kabla hayajafurika.